Sarafu za nyundo: Kwa nini jina la mfalme pekee halitoshi

SHILINGI iliyomo mfukoni mwako ina nasaba ndefu kuliko umri wa taifa hili. Ilianza kutumika rasmi Afrika Mashariki mwaka 1921, serikali ya kikoloni ilipoiondoa florini ambayo haikuwa imekaa sana. Huko Uingereza ilikotoka, neno lenyewe lilitumika katika hesabu za fedha kwa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuishika shilingi mkononi. Sarafu ya kwanza yenye thamani hiyo ilitolewa katika enzi ya Mfalme Henry VII, aliyetawala kati ya 1485 na 1509. Nayo haikutoka katika mtambo wowote. Ilitokana na kipande cha fedha, mihuri miwili ya chuma na pigo la nyundo.

Hivyo ndivyo karibu sarafu zote za Uingereza zilivyotengenezwa kwa karne nyingi, tangu kabla ya Mfalme Offa wa Mercia, aliyeieneza peni ya fedha katika karne ya nane, hadi mwaka 1662 mashine zilipochukua nafasi ya mkono wa mfua sarafu moja kwa moja. Nyingi zingali ardhini. Kila mwaka wakulima na watu wanaopita mashambani na mashine za kutambua vyuma huzifukua kwa wingi. Baadhi huishia katika makavazi, nyingine huuzwa minadani, na kupitia intaneti zaweza kumfikia mnunuzi aliye katika nchi yoyote.

Anayeipokea sarafu ya namna hiyo hukabiliwa na maswali mawili. La kwanza ni hili: Ni sarafu gani hii, na ya mwaka gani? La pili huulizwa na wachache, ilhali ndilo lenye uzito zaidi: Ilitoka wapi?

Pigo moja, nyuso mbili

Usione vyaelea, vimeundwa. Ili kuitambua sarafu ya nyundo, sharti kwanza kufahamu jinsi ilivyofuliwa.

Mfua sarafu alikuwa na mihuri miwili ya chuma iliyochongwa picha na maandishi kinyumenyume. Muhuri wa chini ulikuwa na ncha iliyochomekwa katika gogo la mti ili usiyumbe. Wa juu aliushika kwa mkono. Baina ya mihuri hiyo aliweka kipande chembamba cha fedha, kisha akaupiga ule wa juu kwa nyundo. Pigo hilo lilichapa pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Kwa sababu hiyo, sarafu hizi si duara kamili. Picha mara nyingi imeegemea upande mmoja na baadhi ya herufi zimeangukia nje ya ukingo. Pengine sura ya mfalme inaonekana maradufu kwa kuwa muhuri uliruka na kupigwa tena. Ukingo wenyewe ni mtupu, hauna mikato midogo tuliyozoea kuiona katika sarafu za kisasa. Mgeni katika fani hii hudhani kwamba hizo ni kasoro. Kwa mjuzi, ni ushahidi wa mkono wa binadamu, na hakuna sarafu mbili za nyundo zinazofanana kila kitu.

Kuanzia mageuzi ya Mfalme Edgar, yapata mwaka 973, hadi mwaka 1279, upande wa nyuma wa peni kwa kawaida ulikuwa na jina la mfua sarafu pamoja na mji alikofanyia kazi. Maandishi kama WILLELM ON LVND yana maana ya kwamba William wa London ndiye aliyewajibika. Jina hilo halikuwekwa kwa ajili ya sifa. Liliwekwa ili fedha ikipatikana kuwa na upungufu, mwenye kosa ajulikane. Wakati wa Krismasi ya mwaka 1124, Mfalme Henry I alichoshwa na malalamiko kuhusu peni mbovu, akaamuru wafua sarafu waitwe katika mji wa Winchester. Waliopatikana na hatia walikatwa mkono wa kulia na kuhasiwa.

Msalaba ndio kalenda

Sarafu nyingi za enzi za kati hazina mwaka. Hata hivyo, kwa peni za tangu mwaka 1180, anayejifunza anaweza kukadiria umri bila kusoma hata herufi moja. Atazame msalaba ulio upande wa nyuma.

Iwapo msalaba umechorwa kwa mistari miwili sambamba na unakomea ndani, kabla ya kuyafikia maandishi, peni hiyo ni ya kati ya 1180 na 1247. Iwapo mistari ni miwili lakini inafika hadi ukingoni, na kila pembe ina vitone vitatu, basi ilifuliwa baada ya 1247. Iwapo msalaba ni wa mstari mmoja mnene unaofika ukingoni, nao una vitone vitatu katika kila pembe, ni ya mwaka 1279 au baadaye, kwani Mfalme Edward I ndiye aliyeanzisha umbo hilo. Muundo wake ulidumu kwa zaidi ya miaka 200.

Tahadhari moja inahitajika. Mfalme Æthelred II naye alitoa peni yenye msalaba mrefu wa mistari miwili karibu na mwaka 1000. Hiyo haina vile vitone vitatu katika pembe zake.

Mabadiliko hayo hayakufanywa kwa ajili ya urembo. Walaghai walikuwa na mazoea ya kunyofoa ukingo wa peni kwa mkasi, wakalimbikiza vipande vya fedha, kisha wakaitumia peni iliyosalia kana kwamba ni nzima. Msalaba uliporefushwa mwaka 1247, aliyenyofoa alilazimika kukata ncha zake, na hivyo wizi ukaonekana kwa macho.

Msalaba ulikuwa na manufaa mengine pia. Kwa muda mrefu peni ndiyo iliyokuwa sarafu pekee ya kawaida nchini. Aliyetaka nusu peni au robo peni aliikata peni kwa kuufuata mstari wa msalaba. Vipande hivyo vingali vinapatikana mashambani, na anayeanza asivitupe akidhani kwamba ni sarafu zilizovunjika. Nusu peni na robo peni za mviringo zilianza kutolewa kwa wingi katika miaka ya 1279 na 1280.

Jina lililodanganya

Hapa ndipo wengi huteleza. Mtu hupata peni ya msalaba mfupi, husoma HENRICVS REX, yaani Mfalme Henry, na kuridhika kwamba ametegua kitendawili.

Ukweli ni kwamba Henry II, aliyeanzisha sarafu hiyo mwaka 1180, alifariki mwaka 1189. Mwanawe Richard I, yule wa vita vya msalaba, akatawala hadi 1199. Akafuatwa na nduguye John, aliyelazimishwa kuukubali mkataba wa Magna Carta mwaka 1215 na kufa mwaka uliofuata. Kisha akaja Henry III. Katika muda huo wote mihuri ya Uingereza haikubadilishwa jina. Hakuna hata peni moja iliyofuliwa Uingereza yenye jina la Richard I wala la John, ingawa John alijiandika kwa jina lake katika sarafu zake za Ireland.

Kwa hivyo, peni inayosema Henry yaweza kuwa ya mmoja wa wafalme wanne, na wawili kati yao hawakuitwa Henry. Wataalamu walizipanga peni hizo katika makundi manane kwa kulinganisha mambo madogo madogo: vishungi vya nywele vilivyo kila upande wa uso wa mfalme, umbo la taji, mtindo wa herufi, na majina ya wafua sarafu yanayojulikana pia kutokana na kumbukumbu za serikali ya wakati huo. Kazi yao yafanana na ya mhariri anayetambua mwandishi wa makala yasiyo na jina kwa kuangalia jinsi alivyoweka nukta zake.

Peni za wafalme watatu walioitwa Edward zina mtihani kama huo. Kwa jumla, maandishi EDW R huelekeza kwa Edward I, EDWA na EDWAR huelekea mwisho wa utawala wake na ule wa Edward II, ilhali EDWARDVS kwa ukamilifu huwa kwa kawaida ya Edward III. Kanuni hiyo si sheria, kwani zipo nyingi zinazoikiuka.

Mizani haidanganyi sana

Kifaa cha pili baada ya kioo cha kukuzia ni mizani ndogo inayopima sehemu za gramu. Uzani uliowekwa kisheria kwa peni ulikuwa takriban gramu 1.46 mwaka 1180. Edward III aliupunguza hadi 1.17 mwaka 1351. Ukashuka hadi 0.97 mwaka 1412, kisha 0.78 mwaka 1464. Kufikia mwaka 1601, karibu na mwisho wa utawala wa Malkia Elizabeth I, peni ilikuwa na nusu gramu tu. Thamani yake kwa jina ilikuwa ile ile, lakini fedha iliyomo ilikuwa imepungua hadi karibu theluthi moja.

Sarafu hupungua uzani kwa kuchakaa au kunyofolewa, lakini haiongezeki. Peni yenye gramu 1.4 haiwezi kuwa ya baada ya 1464. Yenye gramu 0.8 yaweza kuwa ya mwaka huo, au ya zamani zaidi iliyokatwa ukingo. Msalaba na maandishi ndivyo vitakavyoamua.

Ubora wa fedha nao una habari zake. Kwa sehemu kubwa ya historia hiyo ulikuwa asilimia 92.5. Kati ya 1544 na 1551, Henry VIII na baadaye serikali ya mwanawe mdogo Edward VI walichanganya shaba kwa wingi ili kugharamia vita. Fedha ikapungua hadi thuluthi moja na hata chini ya hapo. Uso wa Henry ulitazama mbele, na pua ndiyo iliyojitokeza zaidi. Ngozi nyembamba ya fedha ilipochakaa, shaba ilianza kuonekana puani, na raia wakambandika mfalme wao jina la pua ya shaba.

Waridi, tarakimu na mashine

Kuanzia Henry VII, sura ya mfalme haikuwa tena picha ya mfalme yeyote mwenye taji. Ilitazama upande na kufanana na mtu halisi. Tarehe zilianza kuonekana chini ya Edward VI. Shilingi yake ya mwaka 1548 iliandikwa mwaka kwa namba za Kirumi, na tarakimu za kawaida zikafuata mwaka 1551.

Sarafu za Elizabeth I ni nyingi na anayeanza anaweza kuzimudu. Malkia huyo alikuwa na aina nyingi za sarafu zinazokaribiana kwa ukubwa. Ili watu wasizichanganye, kuanzia mwaka 1561 baadhi yake, mathalan peni sita na peni tatu, ziliwekwa ua la waridi nyuma ya kichwa chake pamoja na mwaka. Nyingine, kama vile peni mbili na peni moja, hazikuwa navyo. Waliomfuata, James I na Charles I, walitumia namba za Kirumi: XII nyuma ya kichwa ni shilingi, yaani peni 12, na VI ni nusu yake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyozuka mwaka 1642 viliacha sarafu za ajabu. Mji wa Newark ulipozingirwa mwaka 1645 na 1646, vyombo vya mezani vya fedha vilikatwa katika vipande vya pembe nne na kupigwa mihuri ili askari walipwe. Baada ya Charles I kukatwa kichwa mwaka 1649, serikali isiyo na mfalme iliondoa Kilatini na kuandika sarafu zake kwa Kiingereza.

Mashine ilikuwa imejaribiwa mapema. Mfaransa Eloye Mestrelle alitengeneza sarafu nzuri za mviringo kamili jijini London kuanzia mwaka 1561, lakini wafua sarafu wa mkono walimpinga. Alifutwa kazi, na mwaka 1578 akanyongwa kwa kughushi fedha. Ilichukua takriban karne nzima tangu alipoanza kazi kabla ya mashine kushinda, mwaka 1662. Kuanzia mwaka 1696 sarafu kuukuu za nyundo zilikusanywa na kuyeyushwa, mwanasayansi Isaac Newton akiwa miongoni mwa wasimamizi wa kiwanda cha sarafu cha serikali. Kwa hivyo, nyingi ya zile tulizo nazo leo ni zile zilizopotea au kufukiwa na wenyewe wakafa kabla ya kuzirudia.

Ghushi na usafi unaoharibu

Uzee wa sarafu si bei yake. Peni ya kawaida ya Edward I, yenye zaidi ya miaka 700, huuzwa kwa makumi ya pauni, kwa sababu zilifuliwa kwa mamilioni. Kwa upande mwingine, peni ya dhahabu ya Henry III, ya mwaka 1257, ilifukuliwa Devon mwaka 2021 na kuuzwa Januari 2022 kwa zaidi ya pauni 600,000 pamoja na ada za mnada. Zinazojulikana za aina yake ni nane tu.

Penye bei kama hizo hapakosi walaghai. Sarafu ghushi nyingi zimemiminwa katika kalibu badala ya kufuliwa. Zitazame kwa kioo: uso una vishimo vidogo vya mapovu, herufi zimelegea kama sabuni iliyotumika, na ukingoni huenda pana mstari mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Dalili kubwa zaidi ni kufanana. Muuzaji akikuonyesha sarafu mbili zenye mkwaruzo ule ule na ukingo ulioliwa pale pale, ondoka.

Usiisugue sarafu kwa dawa ya meno, ndimu wala kitambaa kigumu. Weusi uliotulia juu ya fedha ni kinga yake, na ukiuondoa unaondoa pia sehemu kubwa ya thamani. Ishike ukingoni na uihifadhi katika bahasha ya karatasi isiyo na asidi. Anayeagiza kutoka ng'ambo akumbuke kwamba sarafu kongwe zilizofukuliwa katika ardhi ya Uingereza kwa kawaida huhitaji leseni kabla ya kutolewa nchini humo. Kwa marejeo, wakusanyaji hutegemea orodha inayochapishwa kila mwaka na kampuni ya Spink, ambamo kila aina ina nambari yake, na vitabu viwili vya J. J. North kuhusu sarafu za nyundo.

Hazina mbili, hatima mbili

Turejelee sasa swali la pili: Ilitoka wapi?

Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 inaagiza kwamba anayepata ardhini sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zilizokaa pamoja, zenye umri wa miaka 300 au zaidi, aripoti katika muda wa siku 14. Hutoa taarifa kwa afisa yule yule anayechunguza vifo vya kutatanisha, ambaye amekuwa na jukumu hilo tangu enzi za kati. Makavazi yakiitaka hazina hiyo, aliyeipata na mwenye shamba kwa kawaida hugawana malipo. Fauka ya hayo, upo mpango wa kusajili kwa hiari vitu vinavyookotwa, ambao makao yake ni British Museum. Sajili yake ina zaidi ya vitu milioni moja, na yeyote anaweza kuisoma bila malipo.

Mwaka 2015 hazina mbili za wakati wa Waviking zilifukuliwa. Ya kwanza ilipatikana karibu na Leominster, Herefordshire. Watu wawili walioipata hawakuripoti. Walianza kuiuza kimyakimya, sarafu moja moja. Inakadiriwa kuwa sarafu zilikuwa karibu 300. Hadi wawili hao walipohukumiwa kifungo mwaka 2019, polisi walikuwa wamepata 31 pekee.

Ya pili ilipatikana Watlington, Oxfordshire. Aliyeigundua aliwaita wataalamu, nao wakaikata ardhi kwa uangalifu na kuibeba ikiwa na udongo wake. Ilikuwa na sarafu zipatazo 200 pamoja na mapambo na vipande vya fedha. Jumba la makavazi la Ashmolean, Oxford, liliinunua mwaka 2017 kwa pauni milioni 1.35.

Hazina zote mbili zilikuwa na peni za Alfred wa Wessex na Ceolwulf II wa Mercia. Kumbukumbu za kale, zilizoandikwa upande wa Alfred, zilimdharau Ceolwulf kama kibaraka mpumbavu wa Waviking. Peni hizo zinasimulia mengine. Wafalme hao wawili walitoa sarafu za umbo moja, na aina mojawapo ina picha ya watawala wawili wameketi bega kwa bega. Kabla ya mwaka 2015, peni za aina hiyo zilizojulikana duniani zilikuwa mbili tu. Zilipotokea nyingi pamoja, wanahistoria walilazimika kuutazama upya mwanzo wa taifa la Uingereza, na kumrudishia Ceolwulf nafasi yake kama mshirika aliyefutwa na mshindi.

Peni za Watlington zinaweza kuulizwa maswali kwa sababu inajulikana zilikaa wapi, pamoja na nini, na kwa mpangilio upi. Zile za Herefordshire zilizouzwa gizani zimebaki vipande vya fedha vyenye bei, na hata zikipatikana leo, mengi ya yale zilizokuwa nayo pamoja hayatajulikana tena.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, muulize muuzaji sarafu ilipatikana wapi, lini, na kama ilisajiliwa. Ukiwa nayo, iandike: uzani, kipenyo, upande wa msalaba, maandishi yote hata yasiyosomeka, jina la aliyekuuzia na siku uliyoinunua. Asiyekuwa na jibu kuhusu asili ya sarafu yake, mwachie sarafu yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa peni iliyodumu ardhini miaka elfu moja, daftari hilo ndilo linalobaki mikononi mwa mnunuzi.